Tuisome kwa Kiswahili mikataba inayowatuma askari wetu

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya semantiki ya vitenzi, huwaandikia wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu sentensi mbili ubaoni. Ya kwanza yasema: Kikosi kitahakikisha usalama wa nchi yote. Ya pili yasema: Kikosi kitachangia usalama wa jiji. Kisha huwauliza tofauti yake. Wanafunzi wa isimu hawakosi la kusema. Mmoja atakwambia kuwa kuhakikisha ni kitenzi cha kauli ya kutendesha, kimetokana na hakika, na kwamba anayehakikisha amejitwika matokeo: jambo lisipotimia, lawama ni yake. Mwingine ataongeza kwamba anayechangia hana deni la matokeo. Aliyetoa shilingi kumi kwenye harambee amechangia, hata kama zahanati haikujengwa. Na wa tatu, aghalabu yule anayeketi nyuma karibu na dirisha, ndiye atakayeona kuwa nchi imegeuka jiji.

Huwaacha wafurahie werevu wao kwa dakika kumi hivi. Halafu huwaambia zilikotoka sentensi hizo, na darasa hunyamaza.

Tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda na wapiganaji wa RPF walitia saini Mapatano ya Arusha ili kukomesha vita vilivyoanza Oktoba 1990. Katika itifaki ya kuyaunganisha majeshi ya pande hizo mbili, waliomba kikosi cha kimataifa kisichoegemea upande wowote, na kazi zake wakaziorodhesha bila ya kumung'unya maneno: kihakikishe usalama wa nchi kwa jumla, kisimamie usalama wa raia, kisaidie kuzisaka silaha zilizofichwa na kuyavunja nguvu magenge yenye silaha kote nchini. Walioyaandika hayo ni watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao, na walijua vyema hatari ilipokuwa imelala.

Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Oktoba, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mjini New York lilipitisha Azimio 872 la kukiunda kikosi hicho, UNAMIR. Hapo ndipo kuhakikisha kulipogeuka kuchangia. Nchi ikawa jiji la Kigali na viunga vyake. Habari ya kuzisaka silaha zilizofichwa haikuonekana tena. Msomaji asidhani kwamba yalikuwa makosa ya mpiga chapa. Siku mbili tu kabla ya azimio hilo, askari 18 wa Marekani walikuwa wamekufa katika mapigano ya Mogadishu, na hapakuwa na taifa kubwa lililotaka kusikia tena habari za askari wa kigeni kuwanyang'anya Waafrika silaha. Wakubwa walitaka kikosi kidogo, cha gharama nafuu, chenye vitenzi vyepesi.

Sasa tazama jinsi kitenzi chepesi kinavyofanya kazi. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa UNAMIR, alipeleka ujumbe New York. Alikuwa amepashwa habari na mtu wa ndani wa wanamgambo wa Interahamwe kwamba mjini Kigali mna maghala ya silaha, na kwamba watu walikuwa wakiandikishwa majina kwa nia ya kuwaangamiza. Dallaire alisema atayavamia maghala hayo katika muda wa saa 36. Jibu lilikuwa hapana. Uvamizi kama huo, aliambiwa, unapita mipaka ya Azimio 872. Badala yake aende akamwarifu Rais Juvénal Habyarimana, ambaye chama chake ndicho kilichowalea wanamgambo hao, pamoja na mabalozi wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani.

Mtu aliyesoma Mapatano ya Arusha peke yake angesema kwamba Dallaire alikuwa akiifanya kazi iliyoombwa hasa. Aliyesoma Azimio 872 peke yake, na kulisoma kwa woga, angesema kwamba alikuwa akijitafutia makuu. Silaha zilibaki zilipokuwa. Ndege ya Habyarimana ilidunguliwa tarehe 6 Aprili. Kesho yake askari 10 wa Ubelgiji waliuawa. Na tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 912 la kukipunguza kikosi kilichoidhinishiwa askari 2,548 hadi watu 270. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyotoa ripoti yake Desemba 1999 ilikadiria waliouawa kuwa watu wapatao 800,000 katika siku mia moja hivi.

Kuna wenzangu wa vitivo vingine ambao hunicheka nifikapo hapa. Husema: wewe mtu wa lugha unaona lugha kila mahali, waliowaua Watutsi, na Wahutu waliokataa kuua, ni watu wenye mapanga, wenye bunduki na wenye redio, si kitenzi. Wana haki yao. Tena wanayo hoja nzito zaidi ambayo hawaitumii, kwa hiyo nitawasaidia. Tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Ubelgiji waliondoka katika shule ya ufundi ya Kicukiro, mjini Kigali, wakawaacha watu wapatao 2,000 waliokuwa wamewakimbilia, na wengi wa watu hao waliuawa. Lakini katika jiji lilo hilo, Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, naibu wa Dallaire, alikataa kuwaondoa vijana wake, na maelfu ya watu waliponea katika uwanja wa michezo wa Amahoro na kwingineko chini ya ulinzi wa mamia machache tu ya askari waliobaki. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali alikuwa akipita vizuizini bila ya silaha, akiwatoa watu mmoja mmoja ndani ya gari, kwa maneno ya mzaha na sigara, hadi alipouawa na kombora tarehe 31 Mei. Azimio lilikuwa moja. Kitenzi kilikuwa kimoja. Walikisoma watu wenye mioyo tofauti.

Nakubali. Ila naomba tutazame linalofuata kutokana na hayo. Mkataba ukiandikwa kwa ulegevu, kinachobaki kuamua nani afe na nani apone ni moyo wa kapteni aliyeko kizuizini alasiri hiyo. Tukimpata Diagne, tumebahatika. Sheria zimeandikwa tangu zamani kwa sababu bahati haigawiwi sawasawa.

Huenda mwalimu wa sekondari anayeisoma safu hii angependa kujua jinsi maneno haya yanavyosafiri, kwa kuwa hayatoki ukumbini yakaingia vitani moja kwa moja. Kwanza huwa kuna mapatano ya wanaopigana, au ombi la serikali. Halafu huja uamuzi unaokipa kikosi mamlaka, ama azimio la Baraza la Usalama, ama uamuzi wa wakuu wa nchi wa kanda. Kisha hufuata makubaliano ya hadhi ya majeshi na nchi mwenyeji: askari mgeni akikosa atashtakiwa wapi, atapita wapi, atavaa nini, shehena yake italipiwa ushuru ama la. Baada ya hapo makamanda huandika kanuni za matumizi ya nguvu, na mwishowe kanuni hizo hufupishwa zikatoshea kwenye kadi ndogo ya kutiwa mfukoni. Jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini baada ya kutumikia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa kule Kroatia, bado anayo ya kwake ndani ya Biblia. Imeandikwa kwa Kiingereza. Aliniambia kwamba aliikariri kama alivyokariri sala ya jioni, na kwamba kulikuwa na mstari mmoja ambao hadi leo hajaelewa kama ulimruhusu kufyatua risasi au ulimkataza.

Katika kila kiungo cha mnyororo huo kuna mtu anayetafsiri, hata kama lugha haibadiliki. Na katika kila kiungo maana hupungua uzito.

Mbona basi wasiandike waziwazi tangu mwanzo? Kwa sababu, mara nyingi, uwazi ungewanyima saini. Pande mbili zinazochukiana haziwezi kukubaliana juu ya sentensi yenye maana moja. Zinaweza kukubaliana juu ya sentensi ambayo kila mmoja ataisoma anavyopenda akifika kwake. Wanadiplomasia ni hodari katika sanaa hiyo ya funika kombe mwanaharamu apite. Sitawalaumu kwa jumla, kwani yapo mapatano yaliyookoa watu ambayo yasingekuwapo bila ya utata kidogo. Lakini wamejijengea msamiati wao, na asiyeujua hupotea. Wanapoandika kwamba nchi zinaweza kutumia njia zote za lazima, kama walivyoandika katika Azimio 678 la Novemba 1990 kuhusu Kuwait, maana yake ni vita. Neno lenyewe halitajwi, kama vile sisi tusivyotaja maradhi fulani mbele ya wageni. Wanapoandika kwamba kikosi kitawalinda raia kwa kadiri ya uwezo wake, maneno ambayo yalianza na Azimio 1270 la mwaka 1999 kuhusu Sierra Leone na yamekuwa yakinakiliwa tangu wakati huo, mkono mmoja umetoa na mwingine umerudisha.

Neno ambalo limenishughulisha zaidi lilitokea Machi 2013. Waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Novemba 2012, huku walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwatazama. Aibu ile ilizaa Azimio 2098, lililounda kikosi maalumu cha askari karibu 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kazi yake ilielezwa kwa kitenzi ambacho kwa Kiingereza na Kifaransa chafanana: kuyafanya makundi yenye silaha yasiwe na madhara tena. Niliwapa wanafunzi kitenzi hicho wakipatie neno moja la Kiswahili. Mmoja aliandika kudhibiti. Mwingine kuvunja nguvu. Wa tatu kuzima. Kijana mmoja mwenye haraka aliandika kuangamiza, na wenzake wakamzomea. Nikawaambia wasimzomee, maana katika tafsiri hizo zote hakuna iliyo batili. Aliyedhibitiwa yu hai. Aliyeangamizwa hayupo. Azimio halikuchagua.

Hata hivyo, kitenzi kile kilikuwa na meno, na kila mtu alijua hivyo. Majeshi ya Kongo yakisaidiwa na kikosi hicho yaliwashinda M23 mapema Novemba 2013. Baraza la Usalama lenyewe lilikuwa na haya kidogo juu ya lilichokiandika, likaongeza kwamba jambo hili ni la kipekee na lisichukuliwe kuwa kielelezo, kama mzazi anayempa mtoto peremende kabla ya chakula akisema ni leo tu. Idhini hiyo ilihuishwa mwaka baada ya mwaka. Nami hushindwa kusahau kwamba wazo la kuyavunja nguvu magenge lilikuwa limeandikwa Arusha miaka 20 kabla, likafutwa New York, likarudi upande wa pili wa mpaka wa Rwanda baada ya mamilioni ya watu kuhama makwao.

Tuje sasa kwetu, kwa maana safari iliyofuata vijana waliotumwa walikuwa wa Kenya.

Tarehe 8 Septemba 2022, mjini Kinshasa, Jumuiya ya Afrika Mashariki na serikali ya Kongo zilitia saini makubaliano ya kukileta kikosi cha kanda mashariki mwa nchi hiyo, ambako M23 walikuwa wamefufuka. Bunge letu lilitoa idhini mapema Novemba, na tarehe 12 ya mwezi huo askari wetu walikuwa wameanza kutua Goma, wakipokewa kwa matumaini makubwa. Siku kumi na moja baadaye wakuu wa nchi walikutana Luanda, wakakubaliana kwamba waasi waanze kuondoka tarehe 25 Novemba, na kwamba wakikataa, viongozi wa Jumuiya wataidhinisha matumizi ya nguvu. Naomba mwalimu wa sarufi akitazame kiambishi hicho cha wakati: wata-. Mjini Nairobi kilisomwa kama kilivyoandikwa, yaani idhini itakuja baadaye, baada ya kujaribu siasa. Huko Kinshasa na katika mitaa ya Goma watu wengi walikisoma kana kwamba ni wame-.

Kutoka hapo yaliyotokea yangeweza kutabiriwa na mtu yeyote aliyewahi kusahihisha insha. Askari wa kanda walishika nafasi ambazo M23 walisema wameziachia, wakajiweka katikati ya pande mbili. Serikali ya Kongo iliwataka wapigane. Katika mkutano wa Bujumbura wa Februari 2023, Rais Félix Tshisekedi alionekana mbele ya kamera akimkanya kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, dhidi ya kuwapendelea waasi. Siku mbili baadaye waandamanaji walijaa barabara za Goma wakitaka kikosi kiondoke. Mwishoni mwa Aprili Nyagah aliondoka, akitaja vitisho dhidi ya usalama wake. Kinshasa ilikataa kuhuisha makubaliano, na Desemba 2023 majeshi ya Jumuiya yakarudi makwao. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka tena mikononi mwa M23.

Sidai kwamba kitenzi bora kingeuokoa mji huo. Mambo ya Kongo yana mizizi mirefu kuliko aya yoyote. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kwa sababu hiyo naona hatuna udhuru wa kutokifanya. Askari waliotumwa walikuwa wanasema Kiswahili. Waliotumwa kwao, watu wa Goma, Rutshuru na Masisi, wanasema Kiswahili. Mkataba wa kuiunda Jumuiya, uliotiwa saini mwaka 1999, ulikipa Kiingereza cheo cha lugha rasmi na kusema kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano. Februari 2021 wakuu wa nchi wakaelekeza kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Pamoja na hayo yote, swali la kama mlinzi na mlindwa wamesoma sentensi ile ile halikumshughulisha mtu. Kikosi cha Jumuiya kilikwenda kuwalinda Waswahili wa Kongo kwa makubaliano ambayo wao na askari wenyewe waliyasikia kwa masimulizi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 240, hairuhusu majeshi kupelekwa nje ya nchi bila ya idhini ya Bunge. Katiba iyo hiyo, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni ugumu wa kuvifunga vifungu hivi viwili katika fundo moja. Hoja ya kutuma askari inapowasilishwa Bungeni, iwasilishwe na maandishi ya Kiswahili ya mamlaka ya kikosi, yachapishwe magazetini na yasomwe redioni. Sitaki mipango ya vita. Hiyo ni siri na iwe siri. Nataka kujua wanakwenda kufanya kitenzi gani, kwa nani, wapi, mpaka lini, na nani mwenye neno la mwisho raia wakishambuliwa mbele yao.

Nitaambiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kijeshi na kisheria za kulimudu jambo hilo. Hiki ni kisingizio cha mtu ambaye hajajaribu. Lugha inayotenganisha kulinda, kukinga, kuhami, kuchunga na kutunza ina ukali wa kutosha. Kusema kweli, ninashuku kwamba kinachoogopwa ni ukali huo. Kiswahili kingemlazimisha mwandishi achague kati ya kudhibiti na kuangamiza, kati ya wata- na wame-, na kuchagua ndiko walikokukwepa tangu kikao cha kwanza. Lawama yangu hapa ni kwetu pia, sisi wa vyuo vikuu. Tumetoa shahada nyingi za ushairi na za fonolojia, na ni nadra sana kumwona mhitimu anayeweza kukaa na wakili akatafsiri mkataba wa kurasa 30 bila ya kuumwaga uzito wake njiani. Mwaka ujao ninakusudia kuwapa wanafunzi wangu zoezi hilo badala ya mtihani wa katikati ya muhula, na wale watakaolalamika nitawaonyesha sentensi zangu mbili za ubaoni.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alijiunga na jeshi, akawa miongoni mwa waliopelekwa Kibumba, kaskazini mwa Goma, mwanzoni mwa 2023. Alipokuja kunisalimu baada ya kurudi, nilimwuliza kuhusu Kiswahili cha huko, kama ilivyo tabia yetu watu wa lahaja. Alicheka, akanihadithia juu ya mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi kando ya barabara. Mama yule alimtazama bendera iliyoko begani, akamwuliza, "Mulikuja kutulinda ao kutuangalia?" Kijana anasema alimwelewa tangu neno la kwanza. Alikuwa na kadi yake mfukoni. Alinunua viazi kilo mbili, akalipa bila ya kuomba apunguziwe, akarudi kambini.